Msimamizi wangu humpigania Mfalme Charles kila wikendi: niende naye?

*Shikamoo mwalimu. Naishi Northampton, Uingereza, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Juzi niliangalia filamu moja ya vichekesho ya Waingereza: bwana wa makamo, siku za kazi hana sauti hata nyumbani kwake, ikifika Jumamosi anavaa kofia ya chuma na kwenda kupigana vita vilivyokwisha zamani za mababu. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kesho yake nikamsimulia msimamizi wangu wa zamu, yeye hakucheka. Akaniambia naye ni mmoja wao, yuko kikosi cha Mfalme, na mwezi ujao wana vita si mbali na hapa. Niende naye, na nikitaka nitapewa mkuki. Mwalimu, hawa watu ni wazima kichwani? Hawaumizani? Na mtu mweusi mzaliwa wa Tanga nikisimama katikati ya jeshi la Mfalme Charles, si mimi ndiye nitakayekuwa kichekesho?*

Marahaba, ndugu yangu. Wazima ni wazima. Kuumizana wanaumizana kidogo, hasa vidole vya miguu. Hilo la tatu nitalifikia, maana lina mambo kuliko unavyodhani. Jibu langu kwa jumla ni nenda, ila uende ukijua unakwenda wapi, kwa sababu filamu imekuonyesha kituko kimoja na kukificha kingine.

Kwanza vita vyenyewe. Anavyopigana msimamizi wako ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Waingereza, vilivyoanza mwaka 1642 na kwisha 1651. Upande mmoja alikuwapo Mfalme Charles wa Kwanza, aliyeamini kwamba taji amepewa na Mungu na hakuna binadamu wa kumhoji. Upande wa pili Bunge, lililochoshwa na kodi zisizopita kwake, na lililokuwa na London pamoja na fedha zake. Juu ya hayo kulikuwa na ugomvi wa dini ambao leo hata Waingereza wenyewe ni wachache wanaoweza kukueleza vizuri. Pambano kubwa la kwanza lilikuwa Edgehill, Oktoba 1642, na halikupata mshindi wa wazi. Lililomvunja Mfalme ni la Naseby, tarehe 14 Juni 1645, na Naseby ni kijiji kilichoko kaskazini mwa hapo unapoishi, mwendo wa gari wa nusu saa hivi. Bunge lilikuwa na watu kama 14,000 chini ya Sir Thomas Fairfax, na Oliver Cromwell akiongoza wapanda farasi; Mfalme alikuwa na kama 9,000. Pambano halikuchukua hata siku nzima, na lilipokwisha askari wake wa miguu karibu wote walikuwa wameuawa au wametekwa. Tarehe 30 Januari 1649 Mfalme mwenyewe akakatwa kichwa hadharani, mbele ya jumba la Banqueting House, London.

Msimamizi wako basi, kwa kuwa ni mtu wa Mfalme, akienda kuigiza Naseby anajua tangu anafunga mlango wa nyumba yake kwamba atapigwa. Hastings kule kusini ni hivyo hivyo. Karibu kila Oktoba huigizwa pambano la mwaka 1066. Umati wote hushangilia upande wa Mfalme Harold, na kila mara Harold hufa na Wanormani, wavamizi waliotoka Ufaransa, huchukua nchi. Mwaka 2016, ilipotimia miaka 950, wapo waliotembea kwa miguu kutoka York hadi huko, karibu wiki tatu njiani wakiwa na mavazi na ngao zao, ili wafike kwa wakati na kushindwa. Filamu ya vichekesho hupenda shujaa wake atake kushinda. Hawa ninaowajua mimi hawajishughulishi na ushindi hata kidogo; wanachotaka ni kushindwa kwa namna iliyo sahihi, kona ile ile ya uwanja, saa ile ile.

Mchezo huu una mizizi mirefu, na mvua imekuwemo tangu mwanzo. Mwaka 1838 Malkia Victoria alitawazwa, na serikali ikakata baadhi ya sherehe za kale ili kubana matumizi. Kabaila mmoja kijana wa Scotland, Earl wa Eglinton, hakuridhika. Mwaka uliofuata akaandaa mwenyewe, kwenye ardhi yake, mashindano ya mikuki juu ya farasi kwa mtindo wa karne za kati: deraya, mahema ya rangi, tarumbeta, na malkia wa urembo wa kutoa zawadi. Watu waliokuja kutazama wanakadiriwa kufika 100,000. Msafara ulipoanza kutoka, mvua ikafungua. Uwanja ukageuka tope, majukwaa yakavuja, na Marquess wa Londonderry, aliyepewa cheo cha Mfalme wa Mashindano, akaonekana katika fahari yake yote akiwa amefungua mwavuli. Wachoraji wa magazeti walishiba kwa mwavuli ule. Gharama zinazotajwa zinafika pauni 40,000, fedha za kutisha kwa wakati ule. Kila filamu inayokuonyesha mtu mwenye deraya amesimama kwenye foleni ya kituo cha mafuta inakula urithi wa siku ile.

Lakini vikosi vya leo havikuanzishwa na makabaila, wala na mabwana wapole wasio na sauti. Aliyeviwasha ni Brigadia Peter Young, komando wa Vita vya Pili vya Dunia aliyepigana Dieppe na Normandy, akavishwa nishani za ushujaa zaidi ya moja, akaongoza rejimenti ya Jeshi la Waarabu huko Jordan, kisha akafundisha historia ya kijeshi kwenye chuo cha maofisa cha Sandhurst. Mwaka 1967 alitoa kitabu kuhusu Edgehill, na katika sherehe ya kukizindua watu walikuja na mavazi ya karne ya 17. Walifurahi kupita kiasi. Mwaka 1968 ikazaliwa jumuiya iitwayo Sealed Knot, jina lililokopwa kutoka kundi la siri la wafuasi wa ufalme waliokula njama katika miaka ya 1650 kumrudisha mwana wa mfalme aliyeuawa. Mpaka leo ni moja ya jumuiya kubwa kabisa za aina hiyo Ulaya. Ipo pia English Civil War Society, yenye jeshi la Mfalme na jeshi la Bunge chini ya paa moja. Hao wa Mfalme kila mwishoni mwa Januari huandamana katikati ya London, kwa ngoma na bendera, kumkumbuka Charles karibu na pale alipokatwa kichwa. Kwa hiyo ile picha ya filamu, ya mtu anayecheza vita kwa sababu hajawahi kuonja hatari, inagonga mwamba kwa mwasisi mwenyewe. Yule alikuwa ameionja mpaka basi.

Sasa uwanjani. Watakaposema utapewa mkuki, usifikirie mkuki wa Kimasai. Ni mti wa mita tano hivi wenye ncha juu yake, na mtu mmoja peke yake hauwezi kwa lolote. Nguvu yake ni watu arobaini au hamsini wakisimama pamoja, kila mmoja na wake. Katika vita vya kweli vikosi viwili vilielekezeana ncha hizo na kusogeleana. Katika maigizo, mikuki hunyanyuliwa juu kabla hawajafikiana, kisha pande mbili hugongana kwa mabega na kusukumana, vichwa vimeinamishwa, mpaka mmoja arudi nyuma. Hapo ndipo vidole vya miguu vinapokanyagwa na mbavu kubanwa. Mtu akianguka chini hupigwa kelele, na pande zote mbili husimama papo hapo. Nimeona mabwana wawili waliokuwa wakisukumana kwa hasira za kuigiza wakimwinua wa tatu, wakamfuta majani, wakamuuliza kama yuko sawa, kisha wakarudia hasira zao pale pale walipoziacha.

Wenye bunduki ni habari nyingine. Bunduki zao ni za utambi: kamba iliyoloweshwa chumvi ya shura inayoungua polepole, na ukivuta kilimi kamba hiyo inashuka kwenye baruti. Baruti ni ya kweli, moshi ni wa kweli, na mlio utausikia kifuani. Kisichokuwemo ni risasi. Katika vikosi vingi mti wa kushindilia haruhusiwi mtu kuutumia katikati ya pambano, maana akiusahau ndani ya mtutu utaruka na moto. Hulenga juu ya vichwa, na wakikaribiana mno hawafyatui kabisa, hugeuza bunduki na kutumia kitako, tena kwa adabu. Panga ni butu, na kuchoma kuelekea usoni ni marufuku.

Hapa lazima nikuonye, kwa sababu wewe ni mgeni katika nchi ile na makaratasi yako ni mali. Sheria ya Uingereza haichezi na silaha hizi. Bunduki ya aina hiyo huhitaji cheti kile kile cha polisi cha bunduki ya marisau, na baruti ina cheti chake cha kununua na kuitunza. Sheria ya mwaka 2006 iliyobana bunduki bandia zinazofanana na za kweli, na amri ya 2008 iliyopiga marufuku baadhi ya panga zilizopinda, zote ziliacha mlango kwa waigizaji wa historia, lakini mlango huo unapitika kwa mwenye bima na shughuli inayotambulika. Maana yake ni hii: usinunue upanga mtandaoni ukausafirisha kwenye basi kwa sababu eti wikendi una vita. Mkuki wa kuazimwa, mkononi mwako, ndani ya uwanja, chini ya bima ya jumuiya, basi. Na utambi unaowaka ukiuona karibu na mfuko wa baruti, sogea. Februari 1646, kanisa la Great Torrington lililokuwa na mapipa kama 80 ya baruti lililipuka, na wafungwa kama 200 waliokuwa wamefungiwa ndani wakafa.

Umekulia Tanga, na Unguja ni hapo ng'ambo, kwa hiyo bila shaka unazo habari za Mwaka Kogwa wa Makunduchi, pale wanaume wanapopigana kwa mapande ya migomba na mwenye kinyongo chake cha mwaka mzima akakimwaga pale pale. Kule silaha ni za uongo na ugomvi ni wa kweli. Kwa Waingereza hawa silaha zinakaribia kuwa za kweli, na ugomvi haupo. Ndiyo maana msimamizi wako hakucheka uliposimulia, lakini ukimwona uwanjani atakuwa anatabasamu huku anapiga mayowe ya kuua.

Mtihani mkubwa wa mchezo wenyewe ni kufa. Mtu amelipa mafuta, amefua koti lake la sufu, ametoka nyumbani alfajiri. Hataki kulala majanini dakika ya tano. Matokeo yake mizinga inanguruma, bunduki mia zinafyatuliwa, moshi unatanda, na hakuna aliyeanguka. Makamanda hupita nyuma ya safu wakinong'ona: jamani, fedheha, anzeni kufa. Wanaoitikia kwanza ni waliokwisha baruti. Siku ya jua kali maiti huwa wengi chini ya miti. Siku ya mvua watu hupata afya ya ajabu mpaka karibu na mwisho. Wabeba maji, wengi wao wanawake na vijana, hukatiza katikati ya mapigano wakiwanywesha adui na rafiki sawasawa, na maiti akiomba hupewa pia. Mambo haya wao wenyewe huyacheka kabla hujayacheka wewe. Mwishoni, kwenye maonyesho mengi, ngoma hulia, waliokufa huinuka, kofia huvuliwa, na hukaa kimya kidogo kwa ajili ya wale ambao hawakuinuka.

Kuna yasiyoigizwa, na haya uyajue kabla ya kwenda. Baada ya ushindi wa Naseby askari wa Bunge waliiingilia misafara ya Mfalme iliyokuwa ikikimbia, wakaua wanawake wasiopungua 100 waliokuwa wakifuata jeshi, na wengine wakawakata nyuso. Walidai ni makahaba na Wairishi. Inaelekea wengi walikuwa wanawake wa Wales, waliokuwa wakisema lugha ambayo wauaji hawakuielewa. Hutaona hilo Jumapili. Wala hutaona homa na kuhara, vilivyoua watu wengi katika vita vile bila upanga kuinuliwa. Siwalaumu kwa kuyaacha. Watoto wako pembeni wanakula aiskrimu. Lakini mtu akikuambia kwamba akishika mkuki anajua ilivyokuwa, mwitikie kwa heshima, usimwamini. Anachokijua ni uzito wa mkuki, joto la sufu mwezi Julai, na jinsi moshi unavyomfanya mtu asijue hata kikosi cha jirani yake kiko wapi. Si haba. Mimi nilisoma maelezo ya mapambano ya karne ya 17 kwa miaka bila kuelewa kwa nini maofisa walilalamika kila mara kwamba amri hazikufika; niliposimama ndani ya moshi ule, nikaelewa. Woga wa kufa, huo hakuna jumuiya inayoweza kuukodisha.

Kuhusu kwa nini Waingereza wanaliona jambo hili la kuchekesha kiasi hicho: walianza mapema. Sealed Knot haijatimiza hata miaka miwili, kundi la Monty Python likaonyesha kwenye televisheni, mwaka 1969, akina mama wa chama cha mtaani wakiigiza shambulio la Wajapani dhidi ya Wamarekani huko Pearl Harbor kwa kupigana mikoba topeni. Kichekesho chote kiko pale: watu wa heshima zao, mavazi yao ya kawaida, jambo kubwa la kuua watu, na matope. Mwingereza amelelewa kuogopa kitu kimoja kuliko vyote, kuonekana amelichukua jambo kwa uzito kupita kiasi mbele za watu. Mwigizaji wa vita anafanya hivyo hivyo kila Jumamosi, kwa hiari, na soksi ndefu. Halafu kuna suala la vyeo. Karani wa bima huwa kanali, na mkurugenzi wa kampuni akawa askari wa safu ya nyuma anayefokewa na karani wake. Napoleon wa maonyesho makubwa ya Waterloo, pale Napoleon wa kweli aliposhindwa, mwaka 2015, yaliyokusanya waigizaji kama 5,000 kutimiza miaka 200 ya pambano lile, alikuwa mwanasheria wa Paris. Sinema haihitaji kuongeza chumvi hapo.

Filamu nyingi hukosea mahali pamoja, nadhani kwa sababu mwandishi hakulala kambini. Humfanya mwigizaji kuwa mtu mpweke anayekimbia familia. Nenda kambini Jumamosi jioni utakuta familia nzima, bibi hadi kitukuu, na vijana waliokutana wakiwa wabeba maji na sasa wana watoto wao wenyewe wa kubeba maji. Ugomvi wa kweli wa kambi si kati ya Mfalme na Bunge, ni kati ya wahesabu nyuzi na wengine wote. Mhesabu nyuzi ataitazama suruali yako na kukwambia mshono huo ni wa cherehani. Atakataa miwani yako. Akiona nyanya au viazi kwenye chungu cha kambi ya maonyesho atakuuliza tangu lini Mwingereza wa 1645 alikula hivyo kila siku, na kwa bahati mbaya atakuwa na haki. Ndiyo sababu huwa kuna kambi mbili: moja ya turubai na moto wa kuni, inayoonyeshwa kwa wageni, na nyingine iliyofichwa nyuma ya ua, ambayo wenyewe huiita ya plastiki, yenye mahema ya dukani, majiko ya gesi na magodoro ya upepo. Msimamizi wako mwulize analala ipi. Jibu lake litakufundisha juu yake kuliko miaka yote mliyofanya kazi pamoja.

Kisha kuna siku ambayo kicheko kilikatika, nami huitaja kila ninapoulizwa kama mchezo huu una maana yoyote. Tarehe 18 Juni 1984, Orgreave karibu na Sheffield, polisi wenye farasi na marungu walipambana na wachimba makaa ya mawe waliokuwa wamegoma. Watu 95 walishtakiwa, na kesi ikaporomoka mwaka uliofuata. Miaka 17 baadaye, Juni 2001, msanii Jeremy Deller aliwakusanya watu zaidi ya 800 kulirudia pambano lile karibu na pale pale. Wengi walikuwa waigizaji wa kawaida kutoka jumuiya za vita vya kale, watu wa Cromwell na wa Harold, wamevuliwa deraya na kuvishwa sare za polisi au fulana na jinsi. Lakini pamoja nao walikuwemo wachimba makaa wenyewe, waliopigwa mwaka ule. Mwongozaji Mike Figgis akalipiga filamu kwa ajili ya televisheni ya Channel 4. Deller amesimulia kwamba waigizaji waliwaogopa wachimba makaa wale. Bila shaka, walikuwa wamezoea maadui waliokufa karne tatu na nusu zilizopita, sasa wamesimamishwa mbele ya mwanamume ambaye kovu analo mwenyewe.

Sasa hilo la Tanga na rangi yako. Watu weusi walikuwepo Uingereza kabla ya Charles na wakati wa Charles, wachache, lakini wamo kwenye rejista za makanisa wakibatizwa, wakioa na kuzikwa. Mwaka 1511 mpiga tarumbeta mweusi wa Mfalme Henry wa Nane, John Blanke, alichorwa juu ya farasi pamoja na wenzake katika hati ya mashindano ya Westminster, na hati hiyo ipo. Ukirudi nyuma zaidi, karne ya tatu kulikuwa na kikosi cha Wamoori kutoka Afrika Kaskazini kwenye ngome ya Warumi ya Aballava, ambayo leo ni Burgh by Sands, kwenye ukuta wa Hadrian, ule wa Warumi kaskazini mwa Uingereza. Na Kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alifia York mwaka 211. Kwa hiyo hoja ya kwamba mtu mweusi hakuwahi kukanyaga ardhi ile, usibishane nayo, ipite.

Halafu itazame safu utakayosimama. Askari wa 1645 alikuwa kijana mwembamba mwenye njaa. Pale utakuta mabwana wa miaka 60 wenye vitambi vya haki yao, akina mama waliovaa kama wanaume na kushika mikuki, mwalimu wa hesabu mwenye goti la bandia. Mtu akikukatalia wewe kwa sababu hukufanana na askari wa Mfalme, kwanza avunje nusu ya kikosi chake. Watu wabaya wapo kila mahali na sikuahidi kwamba hutasikia neno la kijinga. Ukilisikia, mwambie ofisa wa kikosi, maana jumuiya hizi zina kanuni. Yapo maonyesho ya miaka ya 1940 ambako wengine hupenda mno sare za SS, kikosi cha Wanazi wa Hitler. Baadhi ya waandaaji wamezikataza. Mimi huko nisingekupeleka kwa kuanzia.

Ila kama siku moja utataka nafasi ambayo haina mjadala, miaka hiyo hiyo ya 1940 inayo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilisukuma Wajapani kwenye bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, katikati ya masika na matope, na Kiswahili kikiwa lugha ya amri. Na jioni ya Jumamosi, watakapokuuliza unatoka wapi, usiishie kusema Tanzania. Waambie Tanga. Waambie Novemba 1914 Waingereza walishusha pale jeshi la watu kama 8,000, wengi Wahindi, wakakutana na Wajerumani wasiozidi elfu na kidogo, wengi wao askari Waafrika. Wakapigwa, nyuki wakawachachamalia, wakarudi melini wakiacha bunduki na risasi ufukweni. Watu wa kambi zile hupenda kushindwa kulikopangika vizuri. Hawatakuachia ulale.

Ya kujiandaa ni machache. Usinunue kitu msimu huu. Kikosi kinachotaka mgeni kina sanduku la nguo za kuazima, na viatu vya ngozi vya mtindo wa zamani vina bei ya kumkimbiza mtu. Vaa buti zako za ghalani zilizo nyeusi na zisizo na maandishi, zitakuokoa vidole. Chukua vizibo vya masikio. Kunywa maji mengi kabla ya kuvaa sufu, maana baadaye utasubiri mbeba maji. Simu iache kambini. Katika safu ya mikuki omba nafasi ya pili au ya tatu, nyuma ya mtu mpana. Usiku kutakuwa na hema la pombe. Kama hunywi, hakuna atakayekulazimisha, na nyimbo ni zile zile. Jumatatu mabega yatauma mpaka kuinua kikombe iwe kazi, basi zamu nyepesi iombe mapema, mkiwa bado ndani ya gari mnarudi.